Nyumba ya Mfanyakazi Si Gereji ya Tajiri



Iko desturi iliyoingia katika magereji, nasi hatuwezi kuinyamazia. Jioni ikifika, tajiri humwita fundi akampa gunia. Ndani mna vifuniko vya tapeti, sampu ya oili, puli na manifoldi za ekzosi. Fundi huambiwa azichukue kwake, azisafishe, azipige msasa, azipake rangi, na kesho kutwa azirudishe ziking'aa. Atalipwa kwa kipande. Thina ni yake, msasa ni wake, makaa ni yake, na usiku anaokesha ni wake.

Wazee wetu walilijua neno kipande kwa maana nyingine. Katika miaka ya 1920 walikivaa shingoni ndani ya kijisanduku cha bati, wakakilaani. Kipande cha leo hakivaliwi shingoni, lakini chaingia kifuani. Tazameni kazi yenyewe.

Kwanza ni kusafisha. Chuma cha mashine kimejaa grisi, na fundi wa nyumbani hukiosha kwa petroli. Mvuke wa petroli na wa thina ni mzito kuliko hewa. Hushuka sakafuni ukatambaa mpaka penye jiko. Na chumba cha mfanyakazi ni kimoja tu: jiko humo, kitanda humo, na watoto wamelala chini kwenye mkeka, pale pale mvuke unapotua.

Pili ni kukwangua. Rangi ya mashine za zamani yaweza kuwa na madini ya risasi. Vumbi lake huanguka juu ya sufuria na juu ya vidole vya mtoto, naye huvitia kinywani. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na anayeumia zaidi ni mtoto, kwa maana risasi hudhuru ubongo unaokua. Tena gasketi nyingine za zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Ukizikwangua kwa brashi ya waya, nyuzi zake huingia mapafuni, na ugonjwa huja baada ya miaka mingi, wakati tajiri amekwisha kukusahau.

Tatu ni kupuliza rangi. Rangi ile ya kuchanganywa na hadna, ambayo wenye magari huipenda kwa kung'aa, mara nyingi ina dawa iitwayo isosianeti. Pua haiwezi kukuonya, kwa kuwa hewa huwa imekwisha kuwa ya hatari kabla hujasikia harufu. Leso mdomoni haisaidii kitu. Mpuliza rangi yampasa kuvaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira, ndani ya chumba chenye feni ya kutoa mvuke nje. Asipokuwa navyo, aweza kupata pumu. Hukohoa usiku, akapata nafuu siku za mapumziko. Mwili ukishaikataa dawa hiyo, hata chembe ndogo humkaba, na kazi ya rangi huwa imemwisha.

Nne ni moto. Rangi ya manifoldi haikomai bila kupashwa moto mkali, nyingine hata digrii 200. Mwenye karakana ana tanuri. Fundi ana jiko la makaa, na mlango ameufunga ili vumbi lisishike rangi. Hewa ya makaa haionekani wala hainuki, na imeua watu wengi usingizini.

Sasa tusikilize maneno ya tajiri. Asema, "Sikumlazimisha." Twamjibu: mshahara usiofika mwisho wa mwezi ndio unaomlazimisha. Asema tena, "Nyumbani si kazini." Hapo ndipo penye siri yote. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema inahusu kila mahali mtu anapofanya kazi, iwe kwa muda au daima. Sheria ya fidia ya mwaka huo huo yamtaka mwajiri awe na bima ya kuwalipa wanaoumia kazini. Tajiri ayajua hayo. Akipeleka gunia kwako, feni hanunui, barakoa hanunui, na chumba kikiungua atasema ulikuwa ukipika chai.

Wako na wenzetu wanaonung'unika kwamba chama chataka kuwanyang'anya riziki. La, ndugu. Hesabuni thina, makaa na saa za usiku, kisha mtazame kilichobaki mkononi. Hesabuni pia yule mpaka rangi wa gerejini, ambaye siku zake za kazi zapunguzwa kwa sababu ninyi mwaifanya kazi yake kwa bei ya chini. Leo ni yeye, kesho atapatikana wa bei ya chini kuliko ninyi.

Kwa hiyo twadai haya:

1. Kazi yote ya kusafisha na kupaka rangi vyuma vya mashine irudi gerejini.
2. Pawe na chumba cha rangi chenye feni, barakoa ya hewa, glavu, maji na sabuni, kwa gharama ya mwajiri.
3. Kazi ya baada ya saa ilipwe kama ovataimu, si kwa kipande.
4. Kila aliyepuliza rangi nyumbani apimwe kifua, na mwajiri alipe.
5. Palipo na wafanyakazi 20 au zaidi, kamati ya usalama iitwe, kama sheria inavyoagiza.

Mwanachama akipewa gunia, asilibebe peke yake. Alipeleke kwanza kwa mjumbe wa chama hapo kazini, nao warudi kwa tajiri pamoja na wenzao. Mtu mmoja akikataa hufukuzwa. Gereji nzima ikikataa, tajiri hutafuta feni.

Umoja ni nguvu.