MAMBO YA UFUNDI: INJINI INAYOVUJA OILI

Katika mji wa Garissa, na katika njia ziendazo Dadaab, Modogashe na Hola, pikipiki siku hizi zafanya kazi nyingi zilizofanywa zamani na punda na ngamia. Baadhi ya wenye pikipiki hufungua injini nyumbani ili wabadili ringi za pistoni. Injini hurudishwa, ikalia vizuri, lakini baada ya siku chache doa la oili huonekana mchangani. Hapo mwenyewe husema kwamba gundi haikutosha, akaifungua tena na kuipaka tele.

Hilo ni kosa kubwa. Gundi ya silikoni ikizidi hufurika kwa ndani, hukatika vipande, na vipande hivyo huziba vijia vya oili. Injini isiyopata oili hujisaga yenyewe hata ikafa. Kinachozuia oili si wingi wa gundi, ila ni nyuso mbili za chuma zilizo safi na zilizonyooka.

Basi afanyeje mtu? Kwanza, kabla ya kufungua chochote, atazame bomba dogo la kupumulia injini. Vumbi au matope yakiliziba, hewa iliyomo ndani hukosa njia, nayo huisukuma oili itoke popote penye upenyo. Mara nyingine kulisafisha bomba hilo kwatosha.

Pili, ikibidi kufungua, kazi ifanywe alfajiri kabla ya upepo kuvuma, juu ya turubai safi, na injini iliyo wazi ifunikwe kwa kitambaa. Maana mchanga ndani ya silinda ni adui mbaya kuliko kuvuja. Gasketi kuukuu itupwe. Mabaki yake yakwanguliwe kwa kipande cha mti au cha plastiki, si kwa bisibisi, kwa sababu aluminiamu ni laini, na mkwaruzo mmoja huwa mfereji wa oili. Kisha uso upanguswe kwa petroli kidogo, mbali na moto na sigara, uachwe ukauke.

Tatu, gasketi mpya ya kichwa cha silinda huwekwa kavu, bila gundi. Nati zake hukazwa kwa kupishana, pembe hii kisha pembe iliyo mkabala nayo, kidogo kidogo kwa mizunguko kadhaa, mpaka kufikia kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha injini hiyo. Akazaye upande mmoja kwa nguvu hukipinda kichwa.

Injini ndogo za namna hii hubeba oili ya lita 1 hivi tu. Kutoka Garissa hadi Dadaab ni karibu kilomita 100, juani, na huenda aliyepakiwa nyuma ni mgonjwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa injini huzibwa kwa usafi na subira, si kwa kuukandika.