Kalashnikov si bunduki moja: vipuri vinaeleza nini kuhusu silaha zinazozunguka

Huku mashariki mwa Kongo, karibu kila bunduki yenye shajeri iliyopinda inaitwa Kalashnikov au AK-47, na mazungumzo yanaishia hapo. Lakini nyuma ya jina hilo kuna viwanda vya nchi nyingi, na vipande vyao havibadilishani ovyo. Kila motari anajua jambo hili: kipuri cha TVS hakiingii tu kwenye Boxer kwa sababu zote ni pikipiki.

Tofauti hizo zinawahusu kwanza wanunuzi wa Marekani, ambako bunduki za aina hii zinauzwa kwa raia kwa ajili ya michezo na uwindaji. Ni bunduki za nusu-otomatiki, yaani zinatoa risasi moja kila mara kifyatulio kinapovutwa. Lakini tofauti hizo hizo zinaweza kusaidia kujua silaha iliyokamatwa kwetu ilitoka wapi.

Sura moja, vipimo tofauti

Umoja wa Kisovieti ulipokea bunduki ya Mikhail Kalashnikov mwaka wa 1949. Mwaka wa 1959 ikafuata AKM, ambayo mwili wake ni bati la chuma lililokunjwa, unene wa milimita 1. China nayo ilianza kutengeneza Aina ya 56 mwaka wa 1956. Zile zake za bati lililokunjwa zina unene wa milimita 1.5.

Yugoslavia ilienda njia yake. Kiwanda cha Zastava, mjini Kragujevac katika Serbia ya leo, kilitengeneza M70 bila kupewa michoro na Moscow. Mbao zake za mbele ni ndefu zaidi, na kitako kinafungwa kwa namna nyingine. Shajeri ya AKM inaingia, lakini kitako na mbao zinakataa.

Mfano ulio wazi zaidi ni vz. 58 ya Czechoslovakia. Kwa macho ni ndugu ya Kalashnikov, na inatumia risasi ile ile ya 7.62 × 39. Hata hivyo hakuna kipuri hata kimoja wanachoshirikiana, hata shajeri.

AR-15 ya Marekani, ambayo Colt ilianza kuiuzia raia mwaka wa 1964, ina hadithi tofauti. Viwanda vingi vinafuata karibu vipimo vile vile, kwa hiyo vipuri vingi vinaingiliana. Hata hapo kuna mtego: bomba linaloshika kitako lina vipimo viwili sokoni, vinavyotofautiana kwa nusu milimita tu. Ukinunua kitako bila kupima, kinaweza kukwama au kulegea.

Siasa ndani ya vipuri

Mwaka wa 1989, utawala wa Rais George H. W. Bush ulizuia kuingiza Marekani bunduki za nusu-otomatiki zisizohesabiwa kuwa za michezo. Mwaka wa 1990 sheria ikakataza pia kuziunganisha ndani ya nchi kwa vipande vya kigeni. Kanuni inataja vipande 20, na visivyozidi 10 kati ya hivyo ndivyo vinaruhusiwa kutoka nje. Ndiyo sababu bunduki moja inaweza kuwa na mwili wa Romania na kifyatulio cha Marekani.

Julai 2014, vikwazo vya Washington kuhusu vita vya Ukraine vikagusa kampuni ya Kalashnikov ya Urusi. Bunduki mpya za Saiga kutoka Izhevsk zikasimama kuingia. Waliokuwa nazo wakalazimika kujua vizuri zaidi ni kipuri gani cha kiwanda kingine kinachoweza kuingia.

Namba iko wapi?

Kwa sheria ya Marekani, «bunduki» ni ule mwili unaoshika mitambo. Ndio unaobeba namba, na duka linapouuza ndio unaomfanya mnunuzi achunguzwe. Mtutu, kitako na vingine vingi vinauzwa kama bidhaa za kawaida. Mwaka wa 2022 serikali iliongeza masharti kwa seti za vipande zenye mwili ambao haujamalizika, na Machi 2025 Mahakama Kuu ikayakubali.

Afrika ya Kati iliandika jambo pana zaidi. Mkataba wa Kinshasa, uliopitishwa tarehe 30 Aprili 2010 na kuanza kutumika Machi 2017, unataja katika jina lake lenyewe silaha, risasi, na vipande vyote vya kuzitengeneza, kuzirekebisha na kuziunganisha. Kwenye karatasi, basi, mtutu unaovuka mpaka peke yake ni jambo la sheria.

Shida ni utekelezaji. Chombo cha Umoja wa Mataifa cha mwaka wa 2005 kuhusu kufuatilia silaha kinataka alama iwekwe kwenye kipande kikuu, kama vile mwili wa bunduki. Kwa vipande vingine kama mtutu kinahimiza tu. Kwa hiyo namba inaweza kueleza mwili ulizaliwa wapi, bila kueleza vilivyofungwa juu yake.

Kwetu, kuandika ni nusu ya kazi

Kundi la wataalamu wa Umoja wa Mataifa, linalofuatilia vikwazo vya silaha kwa Kongo tangu 2004, linasoma alama hizi: kiwanda, mwaka, namba. Pembetatu yenye 66 ndani, kwa mfano, ni alama ya kiwanda cha China.

Lakini mpiganaji anaporudisha silaha na daftari likaandikwa «AK-47, moja», habari yote hiyo inapotea. Viwanda vingi hupiga namba ile ile kwenye mwili na kwenye vipande vya ndani. Zikitofautiana, ni dalili kwamba bunduki iliunganishwa au ilirekebishwa mahali fulani, na swali la kwanza ni nani alileta vipande. Kuandika aina, alama, mwaka na namba zote, pamoja na kupiga picha, hakuhitaji mashine ya bei. Bila hivyo, silaha itateketezwa lakini njia iliyoileta itabaki wazi.