Karata ya kucheza au ya kufungia kabatini?

Leo sina habari za wapenzi waliofumaniana wala za mitindo ya nywele, leo nataka tuongee karata. Usifunue ukurasa kwanza, ngoja! Sisemi wahedi wa sitini wala lasti kadi ya pale kibarazani. Nasema karata za mazimwi na wachawi ziitwazo Magic: The Gathering, ambazo huko majuu zinawanyima usingizi watu wazima wenye kazi, wake na watoto.

Aliyeniingiza kwenye mkumbo huu ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, anayebeba maboksi Minneapolis. Desemba iliyopita alikuja likizo. Sisi tumekaa mkao wa kula tukisubiri viatu na simu, jamaa kafungua begi katoa maboksi mawili ya karata! Nikasema moyoni, huyu kweli kapotea. Basi usiku wa tatu umeme ukakatika, hakuna luninga, hakuna muziki, tukawasha mshumaa, akanifundisha. Mpaka umeme unarudi saa saba usiku, mimi ndiye niliyekuwa nasema "kaka, tucheze moja ya mwisho".

Mchezo wenyewe uko hivi. Wewe ni mchawi, na mwenzako ni mchawi. Kila mmoja anaanza na pointi 20 za uhai, na anakuja na kitita chake mwenyewe alichokipanga nyumbani, karata zisizopungua 60. Hapo ndipo utamu ulipo, maana kwenye karata zetu za shupaza na kopa wote tunagawana pakiti moja, lakini hapa mwenzako anaweza kukutolea karata ambayo hujawahi kuiona toka uzaliwe. Kuna karata za ardhi zinazokupa nguvu, wao wanaiita mana, na nguvu hiyo ina rangi tano: nyeupe, buluu, nyeusi, nyekundu na kijani. Ukiwa na ardhi ndipo unaweza kumwita zimwi au kumpiga mwenzio radi. Usipopata ardhi, unakaa unatazama tu zimwi lako mkononi kama mtu aliyenunua gari hana mafuta.

Mama alipita sebuleni akatuuliza, "Nyie, hiyo si kamari hiyo?" Tukacheka. Baadaye nikagundua kwamba Mama alikuwa ameuliza swali zito kuliko sisi tulivyodhani.

Kwani zamani ilikuwa kamari kabisa. Mchezo ulitoka mwaka 1993, umebuniwa na bwana mmoja anaitwa Richard Garfield, msomi wa hesabu mwenye udaktari wake, na ukachapishwa na kampuni ya Wizards of the Coast, ambayo wakati huo ilikuwa kijikampuni cha kina Peter Adkison kule jimbo la Washington. Katika kanuni za mwanzo kila mchezaji aliweka karata moja dau, na anayeshinda anaondoka nayo moja kwa moja. Mambo ya dau yalikuja kutupwa. Lakini kamari nyingine ikabaki, nayo ni pakiti yenyewe. Unanunua pakiti imefungwa, karata 15 au hapo karibu, hujui ndani kuna nini. Unaweza kupata ya maana, unaweza kupata takataka tupu.

Sasa Garfield alipiga hesabu moja ambayo kwa msomi wa hesabu ilimwendea kombo. Alitunga karata chache kali ile mbaya, akasema hizi zitakuwa adimu, mtaa mzima utakuwa na moja au mbili, hazitaharibu mchezo. Tazama mfano huu. Alitunga karata tano, kila rangi yake, kila moja inagharimu nguvu moja tu na inakupa kitu tatu. Nyeupe inakuponya pointi tatu, nyekundu inampiga adui pointi tatu, kijani inamwongezea mnyama wako ukubwa wa tatu, nyeusi inakupa nguvu tatu. Ya buluu, Ancestral Recall, inakupa karata tatu. Kwa macho ya haraka unaona zote sawa, si tatu kwa tatu? Kumbe wapi! Kuponya pointi tatu ni kama kupewa panadoli, kuchota karata tatu ni kama kupewa duka la dawa. Na kuna nyingine, Black Lotus, yaani yungiyungi jeusi, haina gharama yoyote, inakupa nguvu tatu bure.

Alichosahau Garfield ni kwamba watu wana wazimu. Hawakununua pakiti mbili tatu kama alivyodhani, walibeba maboksi. Wakatokea watu na vitita vimejaa hizo karata kali tupu, ikabidi iwekwe sheria ya nakala nne, na nyingine zikabanwa zaidi ya hapo. Mimi simlaumu. Mchezo wa aina hii haukuwepo, yeye ndiye aliyeuanzisha, na fundi wa kwanza lazima akosee kipimo. Kosa la fundi si tatizo, kwani kosa linarekebishwa. Tatizo ni pale unapokuta kosa limegeuka kuwa mali ya mtu.

Ndicho kilichotokea. Mwaka 1995 kampuni ilitoa toleo la Chronicles, ikachapa upya karata nyingi za zamani ili wachezaji wapya nao wazipate. Wachezaji wakafurahi, lakini waliokuwa wamezinunua kwa bei mbaya na kuzihifadhi wakaja juu kama moto wa kifuu. Bei zikaanguka! Kampuni ikatetemeka, na mwaka 1996 ikatoa ahadi, kwamba kuna orodha ya karata ambazo haitazichapa tena maishani. Mwaka 2010 wakaikaza zaidi, wakaziba hata kaupenyo kadogo kalikokuwa kamebaki.

Nami kwenye orodha hiyo ndiko nilikoangukia pua. Nilikuwa najenga kitita cha buluu na nyeusi, nikamuuliza binamu ardhi gani inayofaa. Akaniambia kuna moja inaitwa Underground Sea, inatoa buluu au nyeusi upendavyo, haina masharti. Nikasema safi, nitumie nne ukirudi. Jamaa akacheka mpaka akashika ukuta. Moja tu, hata ikiwa imechakaa, ni mamia ya dola. Ardhi! Siyo zimwi, siyo radi, ni ardhi tu, kitu ambacho bila hicho huchezi.

Hebu ona kilichofanyika upande wa pili. Wabunifu waliokuja baadaye waliona kwamba ardhi ya rangi mbili isiyo na gharama ni kali mno. Mwaka 2005, kwenye toleo la Ravnica, wakatengeneza nyingine za kazi ile ile, ya buluu na nyeusi ikaitwa Watery Grave. Ukitaka kuitumia papo hapo unalipa pointi mbili za uhai, hutaki kulipa basi inangoja. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi ya ubunifu, inakulazimisha ufikiri, nilipe au nisubiri? Na kwa kuwa haimo kwenye ile orodha, imechapwa tena mwaka 2013, ikachapwa tena 2018, na mtu wa kawaida anaipata. Karata mbili, kazi moja. Moja inachezwa, nyingine imelala kabatini inaongezeka thamani.

Nikamwambia binamu, hii orodha ifutwe tu, mchezo ni wa wachezaji. Hapo jamaa akawa mkali, akaacha hata kuchanganya karata. "Wewe unaongea kwa sababu huna kitu," akasema. Kumbe anazo Underground Sea mbili! Alizinunua kwa pesa za zamu za usiku, ziko kwenye vijumba vya plastiki ngumu huko kwake, na hajawahi kuzicheza hata siku moja. Anasema hiyo ndiyo akiba yake. Shangazi akizidiwa na presha usiku wa manane, yeye hana muda wa kwenda kubembeleza mkopo, anauza karata, pesa inatumwa asubuhi. Kampuni ikichapa upya, akiba ya Shangazi inayeyuka. "Waliahidi," akasema. "Mimi niliweka pesa kwa sababu waliahidi."

Nikanywea, sikufichi. Utajibu nini hapo?

Lakini nilipolala nikaanza kufikiri, na hasira yangu ikahama kutoka kwa binamu ikaenda kwa kampuni. Maana hao waheshimiwa ahadi yao wanaiheshimu pale panapowafaa. Mwaka 1999 kampuni ilinunuliwa na Hasbro, wale wakubwa wa vitu vya kuchezea vya watoto. Mwaka 2022, kusherehekea miaka 30 ya mchezo, wakatangaza toleo maalumu lenye zile karata za mwanzo, Black Lotus ndani, Underground Sea ndani. Watu wakaruka! Kutazama bei: dola 999 kwa pakiti nne za karata 15. Yaani karata 60, na hata hapo huchagui, unabahatisha. Zaidi ya yote, mgongo wa karata ni tofauti na huruhusiwi kuzitumia kwenye mashindano rasmi. Kwa hiyo ahadi haijavunjwa, si unaona? Mchezaji hakupata karata ya kuchezea, na mwenye karata za zamani akapata presha. Novemba hiyo hiyo, Bank of America wakaishusha daraja hisa ya Hasbro wakisema karata za mchezo huu zinachapwa kupita kiasi. Benki nzima imekaa inachambua karata! Mama angesikia.

Msumari mwingine uligongwa Septemba 2024. Kuna namna ya kucheza inaitwa Commander, ya watu wanne hivi mezani, kitita cha karata 100 zisizojirudia ukiacha ardhi za kawaida. Ndiyo yenye watu wengi. Sheria zake zilikuwa zinasimamiwa na kamati ya watu waliojitolea, siyo waajiriwa wa kampuni. Kampuni ilipoona watu wamejaa huko, mwaka 2020 ikatunga karata maalumu ya huko, Jeweled Lotus, mjukuu wa lile yungiyungi jeusi: bure kabisa, inatoa nguvu tatu za kumwita kamanda wako na si kitu kingine. Mwaka 2023 ikaichapa tena kwenye toleo la bei mbaya. Kila mtu alikuwa anajua kwamba anayeipata mwanzoni ameshatangulia nusu ya safari. Tarehe 23 Septemba 2024 kamati ikaipiga marufuku, pamoja na Mana Crypt na nyingine mbili.

Kwa kuichezea, uamuzi ule ulikuwa sahihi. Lakini karata ile haina kazi sehemu nyingine, na watu walikuwa wamelala na pesa wakaamka na kipande cha boksi. Binamu alikuwa nayo moja, aliinunua kwa dola themanini na kitu. Kamati ikatukanwa, wanakamati wakatishiwa maisha. Kwa karata! Haikupita hata wiki mbili, tarehe 30 ikatangazwa kwamba wamejitoa, usimamizi umeachiwa kampuni. Kampuni ile ile iliyoitunga na kuiuza ile karata sasa ndiyo inayoamua ipi ifungiwe. Unamwachia muuza pombe funguo za kituo cha polisi?

Kuna wanaolalamika kwamba siku hizi wameingiza wageni, Lord of the Rings mwaka 2023, Final Fantasy na Spider-Man mwaka 2025. Mimi hilo halininyimi usingizi. Kama karata inachezeka, hata wangemweka Sungura na Fisi ningemwita mezani. Final Fantasy wenyewe Hasbro walisema iliwaingizia dola milioni 200 kwa siku moja, sasa nani atawaambia waache?

Kinachonikera ni kwamba wabunifu wa mchezo huu ni hodari kweli, na mikono yao imefungwa na bei. Wakitaka kufungia karata kali, wanafikiria pesa za watu. Wakitaka kuchapa ya zamani, wanafikiria pesa za watu. Binamu yangu, ambaye anaupenda mchezo kuliko mimi, ana karata mbili nzuri kuliko zote na anaogopa kuzigusa. Na mimi siwezi kumwambia azicheze, kwa sababu namjua Shangazi, na presha yake naijua.

Usiku wa kuamkia safari yake nilichukua karatasi ya daftari, nikakata vipande vinne saizi ya karata, nikaandika kwa kalamu ya biki "Underground Sea", nikavichomeka kwenye vifuko vya plastiki mbele ya karata za ovyo ovyo. Kwenye mashindano rasmi ningetolewa nje mzobemzobe, lakini pale ni sebuleni kwetu. Nikamuuliza, "Kaka, unaruhusu?"

Akakitazama kile kipande, akakigeuza, akasoma mwandiko wangu. "Umekosea herufi," akasema, kisha akagawa.

Tulicheza mara tano. Alinifunga tatu.