Kikokotoo cha mimba: Tarehe ya simu ni makadirio

Mama mjamzito wa Gorong'a, wilayani Tarime, anaweza kupata tarehe ya kujifungua kwenye simu kabla hajafika kliniki. Anaingiza siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho, kikokotoo kinaongeza siku 280. Kujumlisha hakikosei. Kosa huanzia kwenye kile kinachodhaniwa.

Vikokotoo vingi huchukulia kuwa mzunguko wa hedhi ni wa siku 28. Aliyeanza hedhi Machi 10 ataambiwa Desemba 15. Kama mzunguko wake ni wa siku 35, tarehe inasogea hadi Desemba 22. Kikokotoo kizuri huuliza urefu wa mzunguko, hueleza kinavyohesabu na husema wazi kuwa jibu ni makadirio. Kisichosema hayo, achana nacho.

Hata hivyo, ni takriban mtoto 1 tu kati ya 20 anayezaliwa siku hiyo hasa. Kwa familia iliyo mbali na hospitali, nauli, vifaa na mtu wa kumsindikiza mama viwe tayari ifikapo wiki ya 36.

Kama hukumbuki tarehe, au ulishika mimba ukinyonyesha kabla hedhi haijarudi, kikokotoo hakikufai. Wahi kliniki, altrasaundi kabla ya wiki ya 24 hukadiria vizuri zaidi umri wa mimba. Na damu ikitoka, chupa ikipasuka au mtoto akipunguza kucheza, nenda kituo cha afya mara moja, hata kama simu inasema bado mwezi mzima.