Mario alizaliwa kwenye mzigo uliododa, wewe unasubiri nini?

Wadau, leo tuongee ukweli. Pita vibanda vya gemu hapa Kurasini, madogo wote wanamjua Mario. Uliza alitokea wapi sasa. Kimya!

Iko hivi. Mwaka 1980 tawi la Nintendo kule Marekani liliagiza toka Japani mashine kama 3,000 za gemu la Radar Scope. Mzigo ukachelewa baharini, ulipofika watu hawana tena habari nao. Mashine kama 2,000 zikadoda stoo. Sisi majirani wa bandari hatuhitaji kufundishwa maumivu ya mzigo uliododa.

Bosi mkuu, Hiroshi Yamauchi, akataka gemu jipya la kuweka kwenye mashine zilezile. Kazi akapewa Shigeru Miyamoto, kijana mchoraji ambaye hajawahi kuwa na gemu lake hata moja. Walitaka kumtumia Popeye wa kwenye katuni, ruhusa ikakosekana. Basi jamaa akabuni watu wake: sokwe, seremala na demu aliyetekwa. Seremala anapanda ngazi, anaruka mapipa. Hiyo ndiyo Donkey Kong ya 1981, na iliuza balaa! Seremala ndiye Mario, jina alilopewa baadaye kutoka kwa mwenye godauni walilopanga Marekani.

Sasa hoja yangu. Mtaani kuna vijana wanachora hatari, ila ukiwaambia watengeneze gemu wanakujibu, "Bro, mi sijui kompyuta." Hata Miyamoto hakuandika programu ya Donkey Kong. Iliandikwa na mafundi wa kampuni nyingine, Ikegami Tsushinki. Mchoraji tafuta fundi, fundi tafuta mchoraji.

Ila msiishie kwenye "tutaelewana tu mwanangu". Kampuni zile mbili zilikuja kupelekana mahakamani kugombea haki ya programu hiyohiyo. Andikishianeni mapema, hela haijaingia, urafiki bado mtamu.

Na acheni kukopi wahusika wa Wazungu. Popeye angepatikana, huenda Mario tusingemjua. Bodaboda anayepenya kati ya malori ya makontena hapa Kurasini, huku trafiki kajificha mbele, si gemu tayari hilo? Tusipolitengeneza sisi, atalitengeneza mtu wa mbali halafu sisi tulipie kulicheza.

Au mnasemaje wadau? Gemu la mtaani kwako lingekuwa la nani? Shusha maoni hapo chini.