Gari Limesimama, Mafuta Yanakwenda

Apitaye mbele ya ofisi za Dar es Salaam saa sita mchana huona magari ya umma yamesimama, vioo vimefungwa, injini zikinguruma, kiyoyozi kikipuliza. Bwana mkubwa yumo mkutanini. Gari lamngoja katika ubaridi.

Kiyoyozi cha magari hayo huzungushwa na injini. Hata gari lisipokwenda hatua moja, mafuta huteketea, na kwa saa nzima yaweza kupotea lita moja au zaidi. Nchi yetu huagiza mafuta hayo kutoka ng'ambo kwa fedha za kigeni ziletwazo na korosho, kahawa, pamba na dhahabu. Yaani kwa jasho la mkulima na la mchimbaji. Tena moshi wa injini una hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuswa. Ndani ya gereji iliyofungwa huua.

Hatumlaumu dereva. Yeye ni mfanyakazi, na jua la Januari ni kali. Twamwambia mkubwa wake: mpe dereva chumba cha kungojea, au japo benchi kivulini, kisha amri iwe moja: gari likisimama, injini izimwe. Haba na haba hujaza kibaba. Na tone kwa tone pipa hukauka.