Haki ya wasiopewa dawa: majaribio ya tiba kandokando ya Ziwa Victoria



Ndugu zetu wa Mwanza na mwambao wote wa ziwa, kwa zaidi ya miaka 30 sasa watafiti wa maradhi ya kuambukiza wamekuwa wakipita katika vijiji, visiwa na shule za eneo lenu. Ijumaa ya leo tunataka kulitazama jambo moja ambalo wanazuoni wa maadili ya tiba wamelijadili mno, ilhali barazani kwetu halizungumzwi. Katika jaribio la kulinganisha, liko kundi linalopewa na liko lisilopewa. Je, ni ipi haki ya hili la pili?

Mwaka 1991 ulianza mkoani Mwanza utafiti ambao hadi leo hutajwa katika vyuo vikuu vya dunia. Zilichaguliwa jamii 12, zikiwemo za visiwani, za mwambaoni na za kandokando ya barabara kuu, zikapangwa jozi jozi. Katika jamii sita, watumishi wa vituo vya afya na zahanati walifunzwa kutibu kaswende, kisonono na maradhi mengine ya zinaa kwa kutazama dalili, na dawa zikapelekwa kwa mpango maalumu. Jamii sita nyingine ziliendelea na huduma zilizokuwapo. Baada ya miaka miwili, maambukizi mapya ya Virusi vya UKIMWI yalikuwa asilimia 1.2 upande wa kwanza na asilimia 1.9 upande wa pili. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1995, ilidhihirika kuwa tiba ya kawaida kabisa imepunguza maambukizi kwa takriban asilimia 40.

Waliotetea utafiti huo walikuwa na hoja. Hapakuwa na aliyejua kwa yakini kwamba tiba hiyo ingezuia UKIMWI. Lau ingelijulikana, jaribio lenyewe lingekuwa dhulma. Isitoshe, lilipomalizika, huduma ile ile ilipelekwa katika jamii sita zilizosubiri. Kwetu sisi hapo ndipo penye uzito. Lakini kaswende ilikuwa na tiba iliyojulikana tangu zamani, na mgonjwa aliyeikuta zahanati yake haina dawa hakupata faraja kwa kuambiwa kuwa ndivyo ilivyokuwa hata kabla ya watafiti kufika.

Magharibi ya ziwa, wilayani Rakai nchini Uganda, mambo yalikuwa machungu zaidi. Huko walifuatiliwa wanandoa na wapenzi 415 ambao mmoja wao ana virusi na mwenziwe hana. Wenzi 90 waliambukizwa katika muda wa utafiti. Matokeo yalipochapishwa Marekani mwaka 2000, mhariri wa jarida lililoyachapisha, Marcia Angell, alihoji hadharani: inakuwaje mtafiti ajue kuwa mume ana virusi, na mke asiambiwe? Watafiti walijibu kwamba sera ya Uganda ilikataza kumfichulia mwenzi bila ridhaa ya mwenye maradhi, kwamba ushauri nasaha na kondomu vilitolewa bure, na kwamba dawa za kufubaza virusi hazikupatikana vijijini. Majibu hayo yana ukweli. Hata hivyo mwili ni amana, na mke yule naye alikuwa na amana yake ya kuilinda.

Majaribio ya karibuni yamepangwa kwa uangalifu zaidi. Mwaka 2017 wasichana 930 wa Mwanza wenye umri wa miaka 9 hadi 14 waliingizwa katika utafiti wa chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi. Wote walichanjwa, tofauti ilikuwa aina ya chanjo na idadi ya dozi: moja, mbili au tatu. Kenya, ikiwemo Kisumu, wasichana 2,275 walishiriki katika utafiti mwingine ambao kundi la kulinganishwa lilipewa chanjo ya homa ya uti wa mgongo, na baadaye likapewa ile ya saratani. Kutokana na tafiti za namna hii, Shirika la Afya Duniani lilikubali dozi moja mwaka 2022, na Tanzania ikaifuata mwaka 2024.

Basi karatasi ya ridhaa ikiletwa nyumbani, baba na mama waisome pamoja na binti, maana naye ana kauli. Waulize kibali cha kamati ya maadili kiko wapi, damu itahifadhiwa wapi na kwa muda gani, na watoto wa kundi la pili watapewa nini mwishoni. Mzee anayeuliza iwapo chanjo itamfunga mjukuu wake kizazi asichekwe, ajibiwe kwa adabu na kwa ushahidi. Na asiporidhika na majibu, mzazi ana haki ya kuirudisha karatasi bila saini, hata kumtoa mtoto katikati ya utafiti, wala zahanati haina ruhusa ya kumnyima mtoto huyo tiba yake ya kawaida kwa sababu hiyo.